Waya Mweusi Kwenye Boksi la Baba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukulalamikia kabla sijakuamkia, ndivyo ulivyonilea. Sasa nilalamike.

Boksi lako la gitaa limenitoa jasho wiki mbili. Spika moja kati ya zile mbili iliungua katikati ya mazoezi ya kwaya, ikakoroma, ikanyamaza. Nikaenda Lushoto kutafuta nyingine ya kukaa na ile nzima. Nikarudi Vuga na spika ya inchi kumi na mbili, najiona fundi. Kumbe ukinzani wake ni omu nne na yetu ni ya nane! Fundi redio akaniambia nikiziunga pamoja nitaunguza na amplifaya. Haya, Lushoto tena. Safari hii nikapata ya omu nane, nguvu sawa na ya zamani, nikaiunga kwa rangi: mwekundu penye chanya, mweusi penye hasi.

Sauti ikawa ya bati, baba. Kila spika ikilia peke yake, safi. Zikilia pamoja, besi yote inapotea. Mwalimu wa kwaya akashika kiuno: "Dada, kama gitaa lenyewe ndilo hili, Jumapili ya mavuno tutatumia kinanda. Na hilo boksi litoke, linatubana."

Boksi lako! Limekaa pale kanisani tangu sijaanza shule. Nililia kwa hasira, na niliyemkasirikia ni wewe. Hukuandika chochote, hukunifundisha chochote. Kazi yangu ilikuwa moja tu: "Nishikie mwekundu, mama."

Jana fundi alikuja na betri ya tochi. Akaigusisha kwenye nyaya za spika yako ya zamani, chanya kwa mwekundu. Karatasi ya spika ikaingia ndani badala ya kutoka nje.

"Aliyeunga hii aligeuza nyaya," akasema. "Moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinauana."

Nikambishia, baba yangu hakosei waya! Tukaitazama na ile iliyoungua. Nayo vilevile. Ulikosea zote mbili, ndiyo maana zilipatana miaka yote.

Hapo nikakumbuka kuwa spika hizo uliziweka baadaye, nikiwa shule ya bweni, nawe huna wa kukushikia mwekundu. Nikakumbuka na shamba la nyanya. "Hebu tazama, mama, hii imeiva?" Nilidhani unanipima. Siku moja, kwa utundu wangu, nikakujibu imeiva, nayo mbichi kabisa. Ukaichuma, ukaitia kwenye tenga. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nawe ukacheka nami.

Kumbe ulikuwa huoni wekundu, baba. Mbona hukuniambia? Nisingekucheka tena. Hili ndilo linaloniuma kuliko safari zote za Lushoto.

Fundi alitaka kuisahihisha ya zamani. Nikamkatalia, nikamwambia ageuze hii mpya. Besi ikarudi hadi vioo vya kanisa vikatetemeka, na habari za kinanda sijazisikia tena. Keshokutwa ndiyo mavuno, nitapiga mimi.

Kabla hatujafunga boksi nimeandika ndani, kwa herufi kubwa, ili ajaye asihangaike: HUMU MWEUSI NDIO MWEKUNDU. BABA ALIUNGA HIVI.

Pumzika, baba. Bado nina hasira nawe kidogo.

Mwanao, mshika waya wako