Rangi ya Sakafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimepiga mbao kumi na mbili leo kwenye chumba kipya. Zimebaki tisa. Magoti yanauma. Upepo tangu asubuhi, vumbi la randa limeingia mpaka kwenye ugali.

Chumba ni cha mama mkwe. Anakuja kutoka kijijini kwao Mwazye kukaa nasi moja kwa moja. Macho yameshikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na mwezi wa nne aliungua mkono akipika peke yake. Skola, mke wangu, ndiye binti pekee aliyebaki. Alisema: mama aje huku, au mimi niende kule. Nikasema aje. Saruji ya Sumbawanga mwezi huu ni barafu, na mama ni mtu mzima sana. Kwa hiyo mbao.

Tatizo ni mbao zenyewe. Mninga haukutosha, nikajazia mti mwingine, mtundu. Mninga mwekundu, mtundu huu umepauka kama uji wa mahindi. Ubao mwekundu, ubao mweupe, mbili nyekundu, mmoja mweupe. Inaniudhi kuitazama.

Alhamisi, 6 Juni

Sakafu imeisha. Nimekata vipande vya kujaribia rangi. Kila kimoja urefu wa hatua moja, kwa sababu kipande kidogo hudanganya. Nusu mninga, nusu mtundu, na msasa uleule uliopita sakafuni. Cha kwanza vanishi tupu. Cha pili rangi ya mahogani. Cha tatu wolnati, ile nyeusi ya kahawa iliyoungua. Vyote nimevipitisha vanishi juu, maana rangi hubadilika ikishapata vanishi, na fundi asiyejua hilo hulia baadaye. Nimeviangalia mchana dirishani. Nimeviangalia tena jioni kwa taa.

Skola kachagua kisicho na rangi. Anasema kinafanana na mbao. Nikamwambia ndiyo shida yake, kinafanana na mbao mbili. Mahogani nayo inaupendelea mninga, mtundu unabaki kama mtu aliyejipaka rangi ya mdomo bila kioo. Wolnati inafunika vyote. Nimechagua wolnati.

Na sitajidanganya humu ndani. Nataka wateja wa karakana yangu waione. Nataka mtu akiingia aulize nani kaipiga.

"Sikio la kufa," Skola akasema, akaenda kupepeta ulezi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepaka. Kwa kufuata nyuzi za mbao, kitambaa mkononi, kufuta kabla haijashika. Ubao mmoja mpaka mwisho bila kusimama katikati. Imekubali. Hujui tena mninga uko wapi na mtundu uko wapi. Nimesimama mlangoni nikijisifu kimoyomoyo.

Kosa moja. Nikitoka, kopo la rangi limepinduka barazani. Doa jeusi kubwa kama ungo juu ya saruji, katikati kabisa ya njia ya kutoka jikoni kwenda chooni. Nimesugua kwa tina ya kuyeyushia rangi. Limegoma. Skola ameliona, akaingia jikoni. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 11 Juni

Bado inanata. Baridi.

Sipendi kusubiri rangi ikauke. Inanikumbusha jeneza. Miaka mitatu iliyopita baba mkwe alipofariki, jeneza nilitengeneza mimi. Nilitaka ling'ae. Vanishi ikagoma kukauka, baridi kama hii. Nikafika nalo Mwazye jua linakaribia kuzama. Watu walikuwa wamekaa tangu saa nne asubuhi. Mzee wa watu akazikwa kwa haraka haraka kwa sababu mkwe wake alipenda mng'aro. Mama mkwe hakusema neno. Nina aibu hiyo mpaka leo.

Jumamosi, 15 Juni

Vanishi mara mbili, ya kung'aa. Dirisha linaonekana sakafuni. Kitanda kimeingia, na kiti, na ndoo ya maji ya kunawa. Skola ametundika rozari ukutani. Ni chumba kizuri kuliko chetu. Kesho anakuja.

Jumapili, 16 Juni

Amekuja. Gari la saa saba. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkononi, kibuyu cha mbegu za ulezi kwapani kana kwamba hapa atapewa shamba.

Nilimwamkia nikiwa mbali kidogo, bila mkono. Shikamoo mama, marahaba mkwe wangu, basi. Kwao wazee bado wanashika mila: mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye, hamuulizi mambo yake. Kinachotakiwa hupitia kwa Skola.

Skola akampeleka chumbani. Wakafika mlangoni. Mama akasimama. Mguu ukatoka, ukarudi. Akasimama tena muda mrefu. Halafu akasema kwa Kifipa kwamba atalala jikoni, kule kuna moto.

Jiko letu liko nje. Bati na mbao za mabaki, upepo unapita.

Nimeumia. Wiki mbili za magoti.

Jumatatu, 17 Juni

Kalala jikoni kweli. Skola kalala naye kwenye mkeka, kati ya mama na moto.

Mzee Deusi, jirani yetu, naye ni mtu wa Mwazye, alipita kuangalia sakafu. Kaisifu sana, anasema anajiona ndani yake. Kisha akaniuma kwa maneno. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe wako umempa jiko siku ya kwanza."

Nimefikiri mchana kutwa, na nadhani nimepata sababu. Mlango wa kile chumba unafungukia sebuleni. Sebule ni yangu, na ukuta ni mmoja na chumba chetu cha kulala. Mama wa watu atapitaje sebuleni kwa mkwe wake kila akitaka kulala? Ilifaa nilijue hilo kabla ya tofali la kwanza. Mimi ni mjinga.

Jumatano, 19 Juni

Nimebomoa chini ya dirisha. Mlango mpya unatokea barazani. Oda ya makabati ya mteja imelala, amepiga simu mara mbili, sikupokea.

Ijumaa, 21 Juni

Mlango umesimama. Fremu ya mninga mtupu, nilikuwa nimeuficha kwa ajili ya kitu kizuri.

Mama akaletwa. Akaipapasa fremu kwa kiganja, juu mpaka chini, akasema mti mzuri. Nikafurahi. Kisha akasimama palepale. Fimbo ikagonga ndani, mara mbili, mara tatu. Mguu ukatoka, ukarudi. Akageuka, akarudi jikoni.

Skola alimuuliza mbele yangu, Mama, ni nini? Akajibu yuko sawa. Ndiyo tu. Yuko sawa.

Si desturi basi. Ni mimi. Ni jeneza.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa nimemtuma mzee Deusi kuniombea radhi. Kuku jogoo na kitenge. Nilimweleza aseme wazi: mkwe wako anajua aliwachelewesha siku ya maziko, na kosa ni lake.

Nilikaa karakana nikijifanya nanoa patasi. Deusi akarudi anacheka. Mama kauliza, radhi ya nini? Mume wake alizikwa ndani ya kitu kinachong'aa, wangapi Mwazye wamezikwa hivyo? Mpaka leo anawasimulia watu.

Miaka mitatu nimebeba mzigo ambao haukuwa na mwenyewe.

Jogoo kachinjwa. Firigisi imeletwa kwangu, kwenye sahani yake peke yake. Mtu mwenye kinyongo hakuletei firigisi. Lakini leo tena analala jikoni.

Jumanne, 25 Juni

Blanketi la mama limeshika moto alfajiri. Pembe tu. Skola aliwahi kulizima. Vidole vyake viwili vina malengelenge.

Hakunigombeza. Alikuwa anakunja nguo. Amesema Jumamosi wanapanda gari la Mwazye, wote wawili. Kule mama ana nyumba aliyoizoea, na Skola atamlinda. Nimeuliza kwa muda gani. Akasema mama hana muda, mama ana umri.

Watoto wetu wako Mbeya. Nitabaki na sakafu.

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu sijamwambia.

Jumatano, 26 Juni

Niandike polepole.

Asubuhi nilikuwa karakana. Mama katoka jikoni kwenda chooni, peke yake, fimbo mbele, mkono mmoja ukutani. Anatembea vizuri barazani, saruji yote ni nyeupe. Akafika kwenye doa langu. Akasimama. Fimbo ikagonga doa. Saruji ngumu, hata mimi nilisikia mlio. Mguu ukatoka, ukarudi. Kisha akajibana ukutani akalizunguka, taratibu, kama mtu anayepita ukingoni mwa kisima.

Nimeona mguu ule ukitoka na kurudi mara tatu sasa. Mlango wa sebuleni, mlango mpya, na doa.

Akiwa bado chooni nikachukua vile vipande vyangu vitatu vya rangi. Nikavipanga barazani njiani mwake, kimoja kimoja, nafasi katikati. Nikarudi nyuma ya benchi. Si heshima kumchungulia mama mkwe, najua.

Akakanyaga kile cha vanishi tupu bila kusita. Kwenye mahogani akapunguza mwendo, akatafuta kwa fimbo, akapita kwa shida. Kwenye wolnati akasimama. Mguu ukatoka, ukarudi. Akakizunguka.

Kisha doa. Nikatoka mbio nikaweka kile kipande cha vanishi tupu juu yake. Akapita katikati yake moja kwa moja.

Nikakaa chini kwenye maranda.

Skola nilimwambia saa ileile. Akaenda kuketi na mama yake, mlango wakafunga. Alipotoka alikuwa amelia. Mama haoni sura zetu tena. Anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Anaona peupe na peusi, basi, na alikuwa anaficha, akihofia tukijua hatapewa tena hata kazi ya kuchambua maharage. Chumba changu kwake ni shimo lenye maji chini. Alimwambia Skola hivi: fimbo inasema sakafu, macho yanasema shimo, na miguu inasikiliza macho.

Na kwa nini hakusema? "Ningemwambiaje mkwe kwamba amechimba shimo ndani ya nyumba, naye nasikia amelitengeneza siku nyingi hivyo?"

Kuuliza si ujinga. Lakini mkwe humuulizi. Tumekaa siku kumi na moja tukiheshimiana mpaka karibu tuungue.

Alhamisi, 27 Juni

Msasa. Mashine tangu saa moja asubuhi mpaka giza. Mng'aro uliondoka kwa saa moja, rangi yenyewe imeingia ndani ya mtundu na haitaki kutoka. Msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha laini. Mlango mpya umesaidia, vumbi linatoka barazani na upepo unalibeba kwenda kwa Deusi.

Mbao nyeupe zinarudi. Sikuwahi kufurahi kuuona mtundu.

Skola ameufungua mzigo wake. Wa mama bado umefungwa. Skola amesema tusubiri tuone.

Jumamosi, 29 Juni

Gari la Mwazye limeondoka bila wao.

Vanishi mkono wa kwanza. Isiyong'aa, kwa sababu mng'aro kwake ni maji. Rangi hakuna. Wolnati iliyobaki nimeipaka kwenye ubao mwembamba wa kuzunguka ukutani, chini, pande zote, ili ajue chumba kinaishia wapi. Na miguu ya kitanda pia. Peusi apaogope pale panapofaa kuogopwa.

Doa la barazani nimelichonga kwa tindo na kupiga saruji upya. Kazi ya dakika ishirini. Ningeifanya siku ileile kama si uvivu, na nisingeona kitu.

Ijumaa, 5 Julai

Kavu. Nimevua viatu nikaipita yote kwa miguu mitupu. Haishiki, haitelezi. Mbao zote mbili zinaonekana, nyekundu na nyeupe, viraka kila mahali. Kesho aingie. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 6 Julai

Ameingia.

Nilikuwa mbali, karakana, sikutaka kuwepo. Skola anasema alifika mlangoni akasimama, na yeye Skola akadhani imeshindikana tena. Kumbe mama alikuwa anavua kandambili. Mguu ukatoka, haukurudi. Alikwenda mpaka kitandani mwenyewe, akaketi, akasema mbao zina joto.

Jumatano, 10 Julai

Makabati ya mteja yameisha. Kalalamika kuchelewa, ana haki.

Mzee Deusi kapita tena. Kaangalia chumbani kupitia mlango wa baraza, kauliza kama mninga uliniishia. Nimemwambia ndiyo, uliniishia. Akangoja nieleze zaidi. Nikarudi kwenye randa yangu.

Jikoni hapalali mtu. Kibuyu cha mbegu kiko chini ya kitanda cha mama.

Asubuhi nilikuwa napiga randa ya mashine. Skola kaja kusimama mlangoni mwa karakana, unga mikononi. Alikuwa amekwenda kufagia chumba cha mama, na mama kamnyang'anya ufagio. Kasema hicho ni chumba chake. Nikazima mashine. Basi tukasikia ufagio ukikwaruza, mara moja baada ya nyingine, kuanzia kitandani kuja mlangoni, polepole, ubao kwa ubao. Sikuiwasha tena mpaka akamaliza.