Roho za Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Kaka ana wiki mbili tangu atoke hospitali. Kiharusi kimemwachia mkono wa kulia umelala tu juu ya mto. Daktari wa mazoezi kaja asubuhi: vidole visipoanza kusogea mapema, basi tena. Mama akaenda kulia jikoni.

Nimemwekea Kaka kwenye laptop ile gemu yetu ya utotoni. Mkono wa kushoto unatembeza, wa kulia unaruka. Roho tatu anazopewa mchezaji zimekwisha hata sijakaa. Kasukuma kibodi. Mtu aliyekuwa fundi wa lifti!

Jumatano, 5 Machi

Nimejitia mjanja. Kwenye dirisha la kudanganyia gemu nikaandika roho 255, asife leo wala kesho. Gemu ikafunguka, ikajifunga, skrini ikaandika: umekufa. Hajapiga hata hatua! Kaka akanitazama wee. “Hata wewe, Kiroboto?” — jina alilonipa tukiwa wadogo.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Kisanduku ambamo gemu huhifadhi idadi ya roho ni kidogo: mwisho 127, ukizidisha kinageukia upande wa hasi. 255 yangu ilisomwa -1. Nilidhani nampa uhai, kumbe namzika. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Kila akitumbukia shimoni gemu hujumlisha 255 kwenye roho zake — yaani -1, roho inapungua. Nimefuta, nimeweka 1. Sasa akianguka anaongezewa. Nikamweleza Kaka yote, na ile 127 pia: ukiongeza moja tu juu yake gemu inaona hasi, inamhesabu maiti. Akatikisa kichwa.

Lakini amecheza kutwa! Kwa kushoto tu, ila amecheza.

Jumapili, 9 Machi

Kidole cha shahada kimesogea! Cha kulia! Nimepiga kelele mpaka Mama kamwaga maji. Daktari kapigiwa simu, anasema aendelee vivyo hivyo, asikatishwe.

Ndipo nikaangalia skrini. Kaka haendi kokote. Amesimama ukingoni mwa shimo la kwanza, anabonyeza kwa kidole hichohicho, anajirusha. Anarudi, anajirusha. Roho 119.

Nikamuuliza kulikoni. Maneno yanamtoka kwa taabu — anataka kuona gemu inavyoisha ikivuka 127. Amechoka kuongezewa.

Naandika hapa pembeni yake. Naweza kuigandisha hesabu sasa hivi, ajirushe hadi kesho isifike 128. Ataona. Atakilaza kidole, na hatanisamehe. Nikiiacha ikaisha, sijui kama atagusa tena kitu chochote. Naogopa. Naogopa kuliko siku ile alipoanguka bafuni.

Mama anaimba jikoni. Jamani, anaimba! Nimwambieje?

124. Kidole kinabonyeza vizuri kuliko asubuhi.

Kaka anauliza, bila kunitazama, zimebaki ngapi.