Ng'ombe wa Bhoke

Mjukuu wangu Mwita,

Marahaba. Huku kijiji kipya cha ujamaa walikotuhamishia tunabanana na ulezi umekauka, lakini tunapumua.

Unaniuliza uende chuo kikuu cha serikali, wanakosomesha bure, au kile cha ghali cha Nairobi wanakosoma watoto wa wakubwa. Umesoma mpaka umepumbaa? Baba yako ameshapokea mahari ya dada yako Bhoke. Ng'ombe hao ndio watauzwa wakupeleke Nairobi. Mavuno yakiisha, Bhoke anaacha shule, anaolewa.

Mimi nilikuwa Bhoke. Ng'ombe wangu walimpeleka kaka yangu shule ya ghali Kisii, na ya serikali ilikuwa hapa hapa Tarime. Alirudi na viatu vyeusi, akanikuta nasaga ulezi, mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Kaka, nisomee hata ukurasa mmoja." Akaangalia viatu vyake. "Gati, wewe utaelewa nini?" Hakuja tena.

Mwandikie baba yako kwamba Nairobi huendi. Ng'ombe bado wako zizini, wanaweza kurudishwa. Lakini wanaume wa ukoo huu nawajua, na sina tumaini na wewe.

Kuandika nimejifunzia uzeeni, darasa la watu wazima, na mwandiko wangu posta hawausomi. Kwa hiyo anwani kwenye bahasha ameiandika Bhoke. Hajui ndani nimesema nini. Uangalie vizuri mwandiko huo, Mwita. Ukienda Nairobi, hutauona tena.

Bibi yako,
Gati