Masikio Kwenye Gogo la Mjakaranda

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi Kavata, wa huku Njiru, Nairobi. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na goti limeacha kukusumbua. Mvua imefika Kitui? Ng'ombe amezaa? Sisi tu wazima, na kazi ya jikoni pale shuleni inaendelea ingawa mgongo unalalamika. Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huko hukatika, na habari hii sitaki ikatike katikati.

Ni habari ya jirani yangu, Mama Njeri. Ni mama wa Murang'a, wa rika lako hivi, aliyekuwa msusi mpaka ugonjwa wa sukari ukamharibia macho. Tangu apofuke alikuwa hatoki nje ya geti la ploti yetu hii ya vyumba vya kupanga. Binti yake akienda kazini, yeye hukaa mlangoni na redio yake.

Sasa, mvua ilinyesha wiki nzima. Kando ya ukuta kuna gogo la mjakaranda lililoangushwa zamani, na asubuhi moja tukalikuta limeota uyoga wa kahawia, mwingi ajabu. Jirani mwingine, Mama Brayo, akajaza beseni. "Nyama ya bure hii! Leo ploti yote inakula kwangu." Nikaogopa, maana najua ulivyotukataza uyoga tusioujua. Nikamwomba angoje, akanicheka.

Mama Njeri alikuwa anasikia. "Kavata, nishike mkono, nipeleke kwa hilo gogo."

Alichuchumaa, akapapasa polepole. "Laini, baridi, kama sikio la mtu. Hauna mguu, umeshika mti wenyewe. Kwetu tuliuokota kwa matawi yaliyokufa. Lakini mkono wangu hauoni rangi. Niambie wewe."

Nikamwambia ni kahawia, kama chai ya rangi. Akaniambia niuinue mmoja juani. Mama, mwanga ulipenya, ukawa mwekundu kama sikio la mtoto aliyesimama dirishani! Mgongoni una vinyoya vifupi, upande wa pili unateleza. Ukiukunja haukatiki.

"Una vikunjo vyembamba, kama kurasa za kitabu?"

"Hauna."

"Basi huo ni uyoga wa masikio. Huo naujua."

Mama Brayo akashangilia, akataka kwenda kuwasha jiko. "Bado," Mama Njeri akasema. "Lete beseni."

Akatia mikono, akawa anachambua kama mtu anayegawanya nywele za kusuka. Akatoa mmoja uliovunjika, wenye mguu mwembamba, na chini ya kofia yake zile kurasa. "Huu si wa ukoo wao. Huu umetoka kwa udongo."

"Si utupe huo tu, tupike uliobaki?" Mama Brayo akauliza.

"Tunamwaga yote."

"Yote? Mama Njeri, watoto nimeshawaambia kuna mboga!"

"Umevunjikia humu ndani. Vipande vingine viko wapi? Wewe unajua? Mimi sijui. Mwaga."

Hakupaza sauti hata kidogo. Mama Brayo alinuna, lakini akamwaga. Tukasugua beseni kwa sabuni, kisha nikachuma upya, kutoka kwa mti wenyewe tu, kila mmoja ukipita machoni pangu na vidoleni mwake. Tukauchemsha sana, tukaukaanga na vitunguu na nyanya. Hauna ladha kubwa, ila unalia vizuri menoni. Mama Brayo, aliyenuna, ndiye aliyejiongezea sahani ya pili. Tuliamka wote salama.

Mimi nimebaki namwazia huyo mama. Haoni, watu wana njaa na wanamharakisha, na bado hakukubali kusema zaidi ya kile alichokijua.

Jumamosi akaniita mwenyewe. "Kavata, leo nataka kwenda sokoni." Tukatembea hadi Kangundo Road, amenishika kiwiko. Muuza mboga akapiga kelele, "Mama Njeri! Ulipotelea wapi?"

"Nilikuwa kwa nyumba," akajibu. "Nipe sukuma. Na usinipe ile imelala tangu jana, nitaishika."

Tulicheka mpaka wateja wakageuka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Msalimie Baba, na umwambie nitakuja shule zikifungwa. Msalimie shangazi anayekusaidia kuteka maji, na Mwangangi kaka yangu, aache kuendesha pikipiki bila kofia. Mama Njeri anakusalimu pia. Anasema ukija Nairobi usimpe mkono tu. Umruhusu akushike uso, kama alivyoushika wangu, ajue nimefanana na nani.

Binti yako anayekukumbuka,
Kavata