Mzinga Mtupu Uliopakwa Nta

Mke wangu mpendwa, Mama Eliza,

Amani ya Bwana uliyemtumikia na ikae nawe huko alikokulaza.

Ile asali uliyoichuja katika msimu wako wa mwisho haikulipwa. Nakwambia wewe kwanza kwa kuwa ni jasho lako, na kwa kuwa siku tuliyokuzika niliahidi mbele ya watoto kwamba malipo yake yatakujengea kaburi.

Ulikuwa umekwisha kudhoofika, lakini ulikataa kuketi. Ulikamua masega kwenye kitambaa cheupe, nyuki waliochelewa wakitambaa mikononi mwako. Nilipokusihi upumzike ulinijibu, "Baba Eliza, asali haimsubiri mgonjwa."

Kampuni iliyoichukua asali imefilisika. Juma lililopita tuliitwa mjini Isikizya, sisi warina asali tunaoidai. Mwanasheria kijana wa kampuni alituamkia shikamoo, akatueleza kwamba fedha hazipo. Badala yake tutapewa hisa, tuwe miongoni mwa wenye kampuni hiyo hiyo, ili siku ikisimama tena tugawiwe faida. Atakayekataa atasubiri nyuma ya benki, na huenda asipate kitu.

Jirani yako Mama Shija akainuka. "Mwanangu, hizo hisa zinachemshwa au zinakaangwa?"

Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu, kisha akainamisha kichwa. "Mama, zinasubiriwa."

"Basi zisubiri wewe. Meno bado unayo."

Kicheko kilipokwisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyeongoza sala ya kufungua. "Mzee wa kanisa, unasemaje?"

Nikaukumbuka mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, niliporudi kutoka porini na mzinga wa gome ambao nyuki walikuwa wameuhama. Nilikuwa nimeshika shoka niupasue. Ukaniondolea shoka, ukaupangusa mzinga, ukaupaka nta ndani, ukanikabidhi nikautundike tena. "Nyuki hawarudi kwenye kuni," ulisema. Msimu ule hawakuja. Walikuja baadaye, nasi tulikuwa tumekwisha kuacha kuwatazamia.

Nikasema nakubali, na wengi wakanifuata. Mama Shija alitia dole gumba kwenye karatasi bila kunitazama. Tangu siku ile, nikipiga magoti, uso wake unanijia kabla ya maneno ya sala. Sijui kama niliwaongoza au niliwapoteza.

Maana wakati ule wa mzinga, mke wangu, tulikuwa vijana. Kungoja kulikuwa mali yetu. Hisa nimeziandikisha kwa jina la binti yetu Eliza, kwa kuwa nyuki hawa wakija, atakayepanda mti kurina si mimi.

Kaburi lako bado ni udongo, na mvua za mwaka huu zimelididimiza upande wa kichwani. Kila mvua inapoanuka nakwenda na jembe, nikaurudisha udongo. Jana nilichoka, nikalazimika kuketi hapo kando yako hadi jua lilipopungua. Nitaendelea kuurudisha mpaka nitakaposhindwa kuliinua jembe. Hapo watakaponilaza ubavuni pako, utaniambia kama nilijibu vema.

Lala kwa amani, mama wa watoto wangu.

Mumeo,
Baba Eliza