Chui Hafai Kulinda Mahindi

Jumanne, Aprili. Wingu limeuzunguka mji kutwa nzima bila kudondosha hata tone. Magoti yananiuma.

Nimerudi sasa hivi kutoka mtaa wa pili hapa Makole, kwa Mama Neema, aliyeniomba nimpime mbwa wake, Chui. Kaka wa Mama Neema, Yohana, alikuja kumchukua mbwa huyo ampeleke shambani kwake Kibakwe akafukuze nyani kwenye mahindi. Nyani dume humrarua mbwa anayesita. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: huyu anasita?

Kazi hii ya kupima mbwa nimeifanya miaka mingi, wa kulinda maghala na wa kukaa na wazee na wagonjwa. Kipimo changu cha kwanza ni rahisi: nainama kama mtu anayeokota jiwe. Hakuna mbwa wa mitaa yetu asiyejua maana yake. Anayefaa kulinda hurudi nyuma kidogo, kisha husimama na kubweka. Chui alikimbilia nyuma ya kiti cha bibi, mama yao, ambaye tangu apooze upande mmoja hushinda kibarazani.

Muda si mrefu fimbo ya bibi ikaanguka. Akainama kuiokota. Chui hakukimbia. Alisogea, akamwegemea begani mpaka alipoinuka.

"Hafai shamba," nikasema.

"Mzee wangu, mbwa ni mbwa," Yohana akacheka. "Akiwaona nyani atachangamka."

"Atachangamka kukimbia."

"Sasa anafaa nini?"

"Kukaa na mimi," bibi akadakia. "Au na mimi mnanipeleka Kibakwe nikafukuze nyani?"

Mama Neema alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Yohana akakunja kamba aliyokuja nayo ya kumfungia mbwa, akaaga, akaondoka peke yake.

Ningepaswa kufurahi. Nimechoka tu.

Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa kijana, mkimbizi. Tangu hapo watu wapole wamenitazama mara nyingi, wakaamua nafaa kupelekwa wapi. Siku hizi mimi ndiye ninayetazama.

Na mahindi ya Yohana bado yanaliwa. Ana watoto nyumbani. Atatafuta mbwa mwingine, ataniletea, na huyo akisimama imara nitakapoinama, itanibidi niseme anafaa kupelekwa kwa nyani.

Sijui kama nitataka kuambiwa jina la mbwa huyo.