Nilisema Njia Safi Kabla Sijaangalia

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 10 Mei, kwa sababu siku hiyo natakiwa kusoma mbele ya watu barua ambayo mpaka leo nimeshindwa kuiandika, na nikiiandika nitakuwa nimemtwisha mtu mwema kosa langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, naishi Etobicoke, hapa Toronto, naendesha basi la shule, na kila asubuhi kabla ya kuliwasha nalizunguka na kutazama chini yake. Nilisoma mpaka kidato cha nne huko Same, na tangu kidato cha pili naandika daftari kila siku, tarehe, saa na kilichotokea, kwa hiyo haya ninayokuandikia sikisii. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Tuko kundi la magari matano, wengi wetu Watanzania, na tangu mwaka 2009 kila wikiendi ndefu ya kiangazi tunavuka mpaka kuingia Marekani, kwenye matuta ya mchanga yaliyo kando ya Ziwa Michigan, sehemu ambayo magari yanaruhusiwa. Sisi tunapaita jangwani ingawa ukisimama juu unaona maji. Jina hilo limetoka kwa Bwana Taki, mzaliwa wa Tanga, ambaye alifanya kazi Muscat miaka kumi na mbili na akajifunza kuendesha kwenye jangwa la kweli kabla ya kuhamia huku. Yeye ndiye aliyetufundisha kupunguza upepo kwenye matairi, na ndiye aliyetuwekea utaratibu wa zamu. Hakuna bosi. Kila mmoja anaongoza nusu siku, anafunga kitambaa chekundu kwenye gari lake, kisha anamkabidhi anayefuata.

Anayeongoza huwa tuta moja mbele ya wenzake, na wao humsubiri nyuma ya tuta lililotangulia, hawamwoni. Kila akifika chini ya tuta anatakiwa asimamishe gari, ashuke, apande kwa miguu mpaka juu na aangalie upande wa pili kwa macho yake, maana upepo unahamisha mchanga na mteremko wa mwezi uliopita unaweza leo kuwa shimo. Akiridhika anarudi, anavusha gari lake, halafu anasema kwenye redio ya mkononi, "Njia safi." Hapo wa pili anakuja. Anapopanda haoni kitu mbele yake ila mbingu, anakuja kwa neno la aliyetangulia tu, na kwetu neno la aliye mbele halibishiwi.

Jumamosi tarehe 31 Agosti mwaka jana, asubuhi ilikuwa zamu yangu na mchana ingekuwa ya Samson. Samson alikuwa gari la pili, pamoja na mke wake Donatienne, Mkongo, msusi ambaye mtaa mzima wa Jane and Finch unamjua. Nilipanda tuta la kwanza kwa miguu, la pili, la tatu, mpaka la sita, mchanga umejaa viatuni, jua linachoma, na huko nyuma redioni wakaanza maneno. Bernard wa gari la tatu akasema, "Mama Gift, huku si kwenye basi la shule, hakuna mtoto chini ya gari!" Wakacheka. Josaphat wa gari la nne akadakia, "Mwacheni, bibi harusi hakimbizwi." Samson peke yake ndiye aliyenitetea. "Dada, nenda mwendo wako, sisi tupo." Lakini Bernard hakunyamaza, akasema kwa mwendo ule chakula cha mchana tungekula Krismasi.

Saa nne na dakika ishirini nikafika tuta la saba. Lilikuwa fupi, nilishalivuka mwezi Mei, nikajiambia hili nalijua. Sikushuka. Nilikanyaga mafuta nikapanda kwa kupinda kushoto, na gari lilipoinamia upande wa pili nikaona mteremko haukuwa ule wa Mei, ulikuwa umekatika kama ukuta, ila kwa kuwa nilikuwa nimepinda niliteleza kwa ubavu nikafika chini mzima. Redio inaniuliza, "Vipi, Mama Gift, umelala?" na mimi, kabla sijageuka kutazama nilikotoka, nikabonyeza kitufe nikasema, "Njia safi." Bernard akasema, "Ah! Leo umeota mbawa!"

Kisha nikageuka nikaona kwamba upande wa kulia wa njia yangu palikuwa na shimo refu, mchanga umeliwa kabisa. Mshauri, hapa ndipo pananikata. Nilikuwa na muda. Nilisikia gari la Samson linaunguruma linapanda upande ule mwingine, na redio ilikuwa mkononi mwangu, lakini nikabaki nimeishika, natafuta namna ya kusema "subiri" bila kusema kwa nini, kwa sababu nikisema kwa nini wote watajua sikupanda. Nilipokuwa bado natafuta, pua ya gari ikatokea juu, ikashuka kulia, ikaingia shimoni, gari likasimama kwa pua kisha likalala kwa ubavu, ubavu aliokaa Donatienne.

Samson alitokea dirishani huku anapiga kelele, "Nimemuua! Nimemuua mke wangu!" na Donatienne akamjibu kutoka ndani, "Sijafa, Samson, njoo unifungue mkanda." Bwana Taki alikuja kwa miguu kutoka gari la mwisho, akatazama tuta, akatazama gari, akaniuliza mbele ya wote, "Mama Gift, ulipanda ukaangalia?" Nikasema, "Nilipanda." Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Samson kwa upole. "Basi ulikata kulia, ndugu yangu. Hukufuata alama za matairi yake." Samson akasema, "Kweli. Nilikata kulia."

Mchana ule, tukiwa tunasubiri hospitali, niliandika kwenye daftari mistari minne, na ninainakili hapa kama ilivyo: "Sikupanda. Nilikuwa na muda wa kusema subiri, sikusema. Nimesema nilipanda. Samson ameamini."

Donatienne alivunjika mfupa wa mtulinga na bega likaharibika, amepasuliwa mara mbili, na mkono wake wa kulia mpaka leo haupandi kupita bega, kwa hiyo nywele za watu hawezi tena kusuka zaidi ya nusu saa, na wateja wamehamia kwa wengine. Samson hajagusa usukani tangu siku ile. Aliacha kazi yake ya kupeleka mikate madukani, sasa anapanga bidhaa kwenye rafu, na wote wawili wanakwenda kwa basi. Tarehe 22 Januari, saa moja na dakika hamsini asubuhi, nyuzi ishirini chini ya sifuri, niliwapita wamesimama kituoni na mimi niko juu ya basi langu la njano lenye joto, na Samson alinipungia mkono.

Siku ya Pasaka, baada ya ibada, alinivuta pembeni. Mimi ndiye katibu wa kundi. Akaniambia, "Dada, naomba uandike jina langu litolewe kwenye zamu. Mtu aliyemvunja mkewe hafai kuongoza wake za wenzake." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, "Wewe ulifanya yako sawa. Ningefuata tu matairi yako." Bwana Taki amekubali, amesema barua iandikwe vizuri kwa heshima na isomwe kwenye mkutano wa tarehe 10, kwa sababu safari ni tarehe 17. Na zamu ya Samson iliyokuwa inafuata, wameamua nipewe mimi.

Nimekwenda kwao mara tatu, tarehe 2 Machi, 16 Machi na 21 Aprili, nimepanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na moja, nimesimama mbele ya mlango, nikashuka. Naogopa Donatienne. Naogopa pia wazazi wa watoto ninaowapakia, wakisikia mama huyu alidanganya kuhusu usalama si watasema anatubebea watoto wetu vipi? Na najiuliza, nikisema leo, mkono utapona? Kuna siku nafikiria kuchoma daftari lile na kunyamaza, na kuna siku naona nitapasuka. Wewe unasomwa na wengi, hata Donatienne humsomea mumewe ukurasa wako kila wiki kwa sauti. Nishauri, nimwambie au niache?

Mwenye Daftari, Etobicoke
27 Aprili 2014

SHANGAZI KHATOON ANAJIBU, 2 MEI

Mwenye Daftari, mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliiweka mezani nikaizunguka kama wewe unavyozunguka basi lako asubuhi. Nakuonea huruma, na nimekukasirikia, na vyote viwili utavipata hapa.

Huruma kwanza. Mtu aliyepanda matuta sita kwa miguu huku anachekwa si mtu mzembe. Ulichoka, ukataniwa, ukaruka moja. Hao akina Bernard na wao wajitafakari, maana utani wa redioni ulikuwa kama abiria anayekuhimiza ndani ya gari lako. Lakini Bernard hakukanyaga mafuta.

Sasa hasira. Unasema majina umebadilisha. Toronto hii kuna makundi mangapi ya Watanzania yenye magari matano yanayokwenda mchangani na msusi wa Kikongo aliyeumia bega? Donatienne angejijua kabla hajafika katikati ya ukurasa, na wewe mwenyewe umeniambia kwamba yeye husoma na Samson husikiliza. Hukutaka ushauri tu. Ulitaka gazeti likapande ile lifti badala yako. Halitapanda. Hebu fikiria mwanamke yule anasoma kwa sauti, mumewe amekaa mbele yake, wanagundua pamoja kutoka kwangu mimi nisiyewajua. Hiyo nayo ni kusema "njia safi" bila kushuka kwenye gari.

Unaniuliza mkono utapona? Hautapona. Lakini katika barua nzima unahangaika na Samson, jina lake, zamu yake, usukani wake. Aliyeumia mwili ni Donatienne, naye umemwandika kama mtu wa kuogopwa. Anaamini mumewe ndiye aliyemwangusha. Labda amemsamehe, labda kila akishindwa kuinua chanuo anamtazama kwa namna ambayo Samson peke yake anaiona. Miezi minane umewaachia jambo hilo ndani ya nyumba yao. Kosa la tuta lilichukua dakika mbili. Bado mpaka leo umeishika redio ile mkononi, unatafuta namna ya kusema "subiri" bila kusema kwa nini. Namna hiyo haipo. Acha kuitafuta.

Kwa hiyo barua ya kumtoa Samson huiandiki. Hata mstari mmoja. Utakwenda kwao kabla ya mkutano, jioni, wakiwa wote wawili. Usipige simu, usimtume Bwana Taki, usiende na mchungaji. Useme ukiwa bado umesimama, kabla hujakaribishwa chai, kwa sababu ukishainywa chai yao hutasema. Uwasomee ile mistari minne ya daftari, yote minne, na huo wa pili usiumeze. Mwelekee Donatienne unaposoma.

Usilie. Ukilia watalazimika kukubembeleza, na hiyo si kazi yao. Usiombe msamaha siku hiyo kana kwamba unadai jibu. Sema umekosa, kisha nyamaza. Wakikufukuza, ondoka. Wakikuuliza, jibu. Samson akisema lakini mimi nilikata kulia, usibishane naye, wala usijibebeshe mpaka sehemu yake. Ni mtu mzima, mwachie apime mwenyewe kilicho chake baada ya kujua ukweli wote. Hajawahi kupewa nafasi hiyo.

Kesho yake mwambie Bwana Taki. Tarehe 10 uwasomee wote ulichofanya, na kitambaa chekundu ukirudishe. Wakikupa tena baada ya mwaka, au wasipokupa kabisa, hilo ni lao. Kuhusu wazazi wa watoto, watasema, ndiyo. Kwa wiki kadhaa utasemwa kanisani na dukani. Wewe endelea kuzunguka basi lako kila asubuhi na kutazama chini yake. Daftari usilichome; ni kitu pekee kilichosema kweli siku ile.

Jibu hili nakutumia wewe mwenyewe kwa barua pepe. Barua yako haitachapwa na jibu langu halitachapwa mpaka uniandikie mambo mawili: kwamba umekwenda, na kwamba wenye nyumba wamekubali. Nisipopata hayo, karatasi hizi zitabaki kwenye droo yangu, na tarehe 10 utasoma ile barua ya kumtoa Samson ukijua mimi pia najua.

Vaa viatu uende.

Barua pepe ilipokelewa Alhamisi, 8 Mei 2014:

"Shangazi, nilikwenda jana Jumatano tarehe 7, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Donatienne anasema ichape. Samson hajakataa, ila daftari amebaki nalo."